Kuwaandaa Watoto Wadogo katika Jimnastiki kabla ya Mashindano

Utangulizi

Ukipita kwenye uwanja wa shule ya msingi mjini Kasulu au Kibondo wakati wa mapumziko, huna haja ya kuwatafuta wanajimnastiki. Utawakuta kwenye lundo la mchanga uliomwagwa kwa ajili ya kujengea darasa. Mtoto wa darasa la pili anakimbia, anakanyaga ukingo wa lundo, anapiga samasoti na kutua kwa matako huku wenzake wakishangilia. Anarudia. Safari ya tatu anatua kwa miguu. Hakuna aliyemfundisha.

Mtoto huyo ana kipaji, na papo hapo yumo hatarini. Akipata mtu wa kumwongoza vizuri, anaweza kuwa mwanamichezo hodari, au walau mtu mzima mwenye mwili imara. Akipata mtu mwenye haraka, anaweza kuumia shingo kabla hajafika darasa la nne. Mada hii inamhusu mtu huyo anayesimama kando ya lundo la mchanga. Mara nyingi ni mwalimu, lakini mwanafunzi wa sekondari naye huombwa kusaidia kuwaandaa wadogo zake kwa ajili ya maonesho ya shule. Kwa hiyo soma mada hii kwa ajili ya mtihani, na pia kwa sababu siku moja watoto watakuita "kaka" au "dada" na kukufuata kila unachowaambia.

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

(a) kueleza maana ya hatua ya kabla ya mashindano katika jimnastiki;
(b) kufafanua tofauti za kimwili kati ya mtoto na mtu mzima zinazoathiri mazoezi;
(c) kupanga mazoezi kwa hatua kulingana na uwezo wa mtoto;
(d) kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira yako kwa usalama;
(e) kueleza wajibu wa mkufunzi katika kumlinda mtoto.

1. Maana ya istilahi muhimu

*Jimnastiki* ni mazoezi ya viungo yanayofanywa kwa mpangilio ili kujenga nguvu, unyumbukaji, wepesi, msawazo na ujasiri. Hufanywa sakafuni au kwa kutumia vifaa kama vyuma vya kuning'inia na ubao mwembamba wa kutembelea. Jimnastiki ya kisasa ilipata umbo lake Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1811 mwalimu Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa wazi wa mazoezi mjini Berlin, na mwaka 1881 liliundwa shirikisho lililokuja kuwa Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki.

*Hatua ya kabla ya mashindano* ni kipindi ambacho mtoto anajifunza misingi bila kupewa alama na majaji wala kushindanishwa na wenzake. Lengo ni kuujenga mwili na kuufundisha namna ya kusogea salama.

*Halaiki* ni maonesho ya watu wengi wanaofanya miondoko kwa pamoja, hasa wanafunzi, katika sherehe za kitaifa. Si mashindano, lakini ina tarehe maalumu na wageni rasmi, hivyo huleta msukumo unaofanana na wa mashindano.

*Mlinzi wa zoezi* ni mtu anayesimama karibu na mtendaji ili kumsaidia kukamilisha zoezi au kumdaka akikosea.

2. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo

Makosa mengi katika kufundisha watoto huanzia kwenye wazo kwamba mtoto ni mtu mzima mdogo, anayehitaji zoezi lilelile kwa kiasi kidogo. Zifuatazo ni sababu nne zinazoonesha kwamba wazo hilo si sahihi.

*Mifupa yake bado inakua.* Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu ambalo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa ulioliambaa, na hugeuka kuwa mfupa kamili mwishoni mwa balehe. Kwa kawaida wasichana hutangulia wavulana. Mtoto anaporudia kusimama kwa mikono mara nyingi mno, uzito wote wa mwili hupita kwenye vifundo vya mikono. Maumivu ya kifundo yasiyoisha kwa mtoto wa jimnastiki ni dalili ya kusimamisha zoezi hilo.

*Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili.* Mtoto mdogo ana kichwa kizito na shingo isiyokomaa. Ndiyo maana zoezi la kubingiria lililofundishwa vibaya, ambapo uzito unaangukia utosini, ni hatari kwake kuliko kwa kijana wa kidato cha nne.

*Nguvu zake huongezeka kwa njia nyingine.* Kabla ya balehe, mtoto anayefanya mazoezi hupata nguvu hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe haivimbi sana. Kwa hiyo anahitaji marudio mengi mepesi yaliyo sahihi. Mzigo mzito hauna kazi kwake.

*Akili yake hushika jambo moja kwa wakati.* Ukimwambia mtoto wa miaka sita, "Kaza tumbo, nyoosha vidole, weka kidevu kifuani na usukume kwa mikono," atatekeleza neno la mwisho tu. Katika maeneo yetu watoto wengi wa darasa la awali huzungumza Kiha nyumbani, na Kiswahili wanakizoea wakiwa shuleni. Kwao kuonesha kwa vitendo kuna thamani kuliko maelezo marefu. Mpe agizo moja, muoneshe, kisha muache ajaribu.

3. Kanuni kuu: mwili kwanza, mtindo baadaye

Kanuni inayotawala hatua hii ni kwamba *mtoto hupanda hatua kwa sababu ya kile ambacho mwili wake unakimudu*. Hapandi kwa sababu ya umri wake, wepesi wake wala tarehe ya sherehe.

Historia ya mchezo wenyewe inatufundisha jambo hili. Mwaka 1976 huko Montreal, Nadia Comăneci wa Romania alipata alama kamili ya 10 katika Michezo ya Olimpiki akiwa na umri wa miaka 14. Dunia ilishangilia, na wakufunzi wengi wakaamini kwamba mtoto asukumwe mapema awezavyo. Baadaye kanuni zilibadilishwa. Tangu mwaka 1997, msichana haruhusiwi kushiriki mashindano makubwa ya wakubwa duniani mpaka awe anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka huo.

Pia imedhihirika kwamba umri wa kung'ara haupiti haraka kama ilivyodhaniwa. Simone Biles wa Marekani alishinda ubingwa wa jumla wa Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 46. Kama wenye viwanja vya kisasa na madaktari wanasubiri, sisi wa uwanja wa udongo mwekundu hatuna sababu ya kumharakisha mtoto wa darasa la pili.

4. Familia sita za miondoko

Mazoezi yote ya jimnastiki, hata yale magumu, yametokana na familia sita:

(i) *Kutua*: kurudi chini kwa usalama kwa miguu, mikono au mgongo.
(ii) *Kutulia*: kusimama kwa mguu mmoja, kuegemea mikono, kubaki na umbo fulani bila kutikisika.
(iii) *Kusonga*: kutembea kama dubu, kuruka kama chura, kutambaa kama kaa.
(iv) *Kuning'inia na kubembea*: kushika tawi au chuma na kuyumba.
(v) *Kuzunguka*: kubingiria, kugeuka, gurudumu.
(vi) *Kuruka*: kujirusha juu kwa miguu au kwa mikono.

Kutua kumewekwa kwanza kwa makusudi. Mtoto anayejua kutua anaweza kukosea zoezi lolote na bado akarudi nyumbani mzima. Kutua vizuri ni kufika chini kwa sehemu ya mbele ya nyayo kwanza, kukunja magoti yakielekea upande wa vidole bila kugongana, kunyoosha mikono mbele, kisha kutulia kwa kuhesabu moja hadi tatu. Akianguka kwa nyuma, asijizuie kwa viganja huku viwiko vimekazwa. Ajikunje kama mpira na kubingirika mgongoni, kidevu kikiwa kifuani.

Watoto wa Kibondo na Kasulu wana mwalimu mzuri wa somo hili. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika, huruka juu sana huku wakicheza. Ngoma hizo husikika hata upande wetu wa mpaka. Mwangalie mchezaji anapotua: magoti hukunjika na mwili hauyumbi. Ngoma pia inafaa kuhesabia mapigo ya zoezi badala ya filimbi. Mtoto huruka kwenye pigo moja na kutulia kwenye mapigo matatu yanayofuata.

5. Hatua tatu za maendeleo

Umri uliotajwa hapa ni wa makadirio tu. Kigezo cha kupanda hatua ni kipimo kilichowekwa mwishoni mwa kila hatua.

*Hatua ya kwanza: kucheza na kugundua (takribani miaka 4 hadi 6).* Kipindi kisizidi dakika 30. Watoto huiga wanyama, hutembea juu ya mstari, huruka ndani na nje ya duara na kujibingirisha kama gogo kwenye nyasi. Usisahihishe kila kosa. Mtoto anatakiwa aondoke akitaka kurudi kesho.
Kipimo: anaruka kutoka kwenye kizingiti cha kimo cha sentimita 20 na kutulia kwa hesabu ya tatu, anatembea kama dubu hatua kumi bila kuanguka.

*Hatua ya pili: misingi (takribani miaka 6 hadi 8).* Dakika 45, mara mbili kwa wiki. Hapa hufundishwa maumbo manne ya mwili: kujikunja kama mpira, kukaa miguu ikiwa imenyooshwa mbele, kupanua miguu, na kunyooka kama mshale. Hufuatia kubingiria mbele, kuegemea mikono na kuning'inia.
Kipimo: anabaki katika umbo la mtumbwi (amelala chali, kiuno kimegusa chini, miguu na mabega vimeinuliwa kidogo) kwa sekunde 15; anajiegemeza kwa viganja na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kwa sekunde 20.

*Hatua ya tatu: maandalizi (takribani miaka 9 hadi 11).* Dakika 60, mara mbili au tatu kwa wiki. Mtoto hujifunza kusimama kwa mikono, gurudumu, kubingiria nyuma na kuunganisha mazoezi mawili au matatu kuwa mfululizo mfupi. Anaweza kuonesha mfululizo huo mbele ya wazazi bila kupewa namba.
Kipimo: anasimama kwa mikono akiwa ameegemea ukuta kwa sekunde 20, na anajua njia mbili za kushuka bila msaada.

Samasoti ya hewani haimo katika hatua hizi. Hufundishwa baadaye, pakiwa na magodoro ya kutosha na mkufunzi aliyesomea. Mtoto anayeipiga kwenye lundo la mchanga usimpige wala usimwaibishe. Mpe kitu kingine cha kuruka kilicho salama, na mweleze ni mazoezi gani yatamfikisha huko.

6. Mfano wa kufundisha kwa hatua: kubingiria mbele

1. Mtoto anakaa, anakumbatia magoti na kujibembeza mgongoni mbele na nyuma, kidevu kifuani. Mwekee jani la muembe chini ya kidevu; likidondoka, amenyanyua kichwa.
2. Anajibembeza na kuinuka mpaka asimame bila kushika chini.
3. Anabingiria kwenye mteremko mdogo wa nyasi. Nchi yetu ya vilima imetupa kifaa hiki bure: mteremko humsaidia mtoto kuzunguka bila kulazimisha shingo. Chagua sehemu isiyo na mawe, na mlinzi akae upande wa chini.
4. Anabingiria mahali tambarare. Viganja hugusa chini kwanza, makalio huinuka, kichwa huingia ndani, na sehemu ya juu ya mgongo ndiyo inayopokea uzito. *Utosi hausukumi chini.*
5. Anabingiria na kusimama, kisha kuruka kama mshale na kutua.

Mtoto akishindwa katika namba 4, mrudishe namba 3 bila kumkaripia. Kumrudisha nyuma ni sehemu ya mpango.

7. Vifaa na mazingira

Ubao rasmi wa mashindano ya wanawake una upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5 na kimo cha sentimita 125. Upana ndio unaofundisha msawazo. Kimo hufundisha ujasiri tu. Kwa hiyo chora kwa majivu mstari wa upana wa sentimita 10, na mtoto atakuwa anajifunza somo lilelile. Akiumudu, laza chini ubao wa mkaratusi uliopigwa randa vizuri. Akiumudu huo, uinue kwa kimo cha tofali moja, na uhakikishe hautikisiki.

Magodoro ya mazoezi yanaweza kubadilishwa kwa magunia yaliyojazwa nyasi kavu na kushonwa pamoja. Usiyapange tu, kwa maana hutengana na mguu huingia katikati. Maranda kutoka kwa mafundi seremala, yakijazwa kwenye shimo la kina cha kutosha, hufaa kwa kutulia baada ya kuruka. Yachambue kwanza uondoe misumari na vipande vya mbao, na uyageuze kila siku kwa sababu hushindiliwa.

Zingatia pia hali ya hewa. Kasulu na Kibondo zipo kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi, hivyo ongeza muda wa kupasha mwili moto. Kiangazi udongo hukauka na kuwa mgumu kama saruji, kwa hiyo mazoezi ya kuruka yafanyike kwenye nyasi au mchanga. Masika uwanja huteleza. Hamishia darasani mazoezi ya nguvu na unyumbukaji.

Uliza pia mtoto alikula nini. Aliyetembea kilomita kadhaa na kuchota maji kabla ya kipindi ameshafanya mazoezi. Uji wa asubuhi, maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika wenye madini ya chokaa yanayojenga mifupa, na mawese yenye viini vya vitamini A ni chakula cha mwanamichezo kinachopatikana mkoani mwetu. Mtoto mwenye njaa apewe kazi nyepesi.

8. Mpangilio wa kipindi cha dakika 45

- Dakika 5: kukagua uwanja, kuvua vitu vya shingoni na mikononi, kuuliza nani ana maumivu.
- Dakika 10: kupasha mwili moto kwa mchezo wa kukimbizana na kuiga wanyama.
- Dakika 20: vituo vinne (kutua, kuning'inia, kubingiria, kutulia), dakika 5 kila kimoja, watoto wasiozidi sita kwa kituo ili wasisubiri foleni ndefu.
- Dakika 5: mchezo wa pamoja unaotumia zoezi la siku hiyo.
- Dakika 5: kupooza mwili na kujinyoosha taratibu.

Kujinyoosha kuwe kwa hiari. Wapo wakufunzi wanaomsukuma mtoto miguu ipanuke huku wakisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo inahusu malezi, si nyonga. Mtoto anayelia katika kujinyoosha anakueleza kwamba misuli yake imefika mwisho.

9. Halaiki na piramidi: pale kanuni inapojaribiwa

Kanuni za mada hii ni rahisi kuzikumbuka mwezi wa Machi. Mtihani wake huja zinapobaki siku kumi kabla ya sherehe, gwaride halijakaa sawa, na mtu anasema piramidi ya watu watatu ingependeza.

Nalieleza hili kwa sababu niliwahi kuwa mtoto wa juu ya piramidi. Nilikuwa darasa la tatu, na nilichaguliwa kwa sifa moja: nilikuwa mwepesi kuliko wote. Nilifundishwa kupanda kwa siku mbili. Siku ya tatu goti la aliyekuwa chini yangu liliteleza, nami nikanyoosha mkono kujizuia. Mkono ulivunjika. Ulipona, lakini nilikaa mbali na mazoezi ya viungo kwa miaka mingi. Mwalimu wetu hakuwa mkatili. Alikuwa na tarehe. Hakuna aliyekuwa amenifundisha jambo dogo sana: namna ya kushuka.

Kwa hiyo weka kanuni hii katika daftari lako: *mtoto ajue kushuka kabla ya kupanda*. Ikiwa piramidi ni ya lazima, wa chini wawe wakubwa na wenye nguvu, wapige magoti na viganja chini, kimo kisizidi ngazi mbili, walinzi wasimame pande zote, na wa juu awe amefaulu vipimo vya hatua ya tatu. Ikikosekana hata moja, badilisha onesho. Mawimbi ya mikono ya watoto hamsini wanaokwenda pamoja hupendeza kwa mgeni rasmi, na hakuna anayeanguka.

10. Kumlinda mtoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumtendea ukatili. Katika jimnastiki wajibu huo una sura zake.

*Kugusa.* Mlinzi wa zoezi hulazimika kumgusa mtoto. Mwambie kabla utamshika wapi: mgongoni, begani, pajani kwa nje. Fanya hivyo mahali pa wazi, mbele ya watu, na usibaki na mtoto peke yenu. Mwaka 2018 nchini Marekani, Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, alihukumiwa kifungo kirefu gerezani baada ya wasichana na wanawake wengi kueleza jinsi alivyowadhalilisha kingono kwa kisingizio cha matibabu. Baadhi yao walikuwa wametoa taarifa mapema na hawakusikilizwa. Mtoto akikuambia jambo, msikilize na ulifikishe kwa mwalimu mkuu au ofisi ya ustawi wa jamii.

*Maneno.* Usimtanie mtoto kwa unene, wembamba au woga. Woga ni taarifa: mwili unasema haujawa tayari.

*Huduma ya kwanza.* Mtoto akianguka na kulalamika shingo au mgongo, au akisema hasikii vidole, *usimnyanyue wala kumkalisha*. Mshikilie kichwa kisitikisike, mfunike, na mtume mtu kituo cha afya. Mkono ukivimba au kupinda, uzuie usisogee kwa kuufunga na kanga dhidi ya kifua, usijaribu kuunyoosha. Kwa mshtuko mdogo wa kifundo, pumzisha, weka kitambaa cha maji baridi, na uinue mguu.

Muhtasari

Hatua ya kabla ya mashindano hujenga mwili na kuufundisha usalama kabla ya mitindo. Mifupa, kichwa, nguvu na akili ya mtoto hutofautiana na vya mtu mzima. Mtoto hupanda hatua kwa kufaulu kipimo, na kutua hutangulia kuruka. Vifaa vya kienyeji vinafaa vikiandaliwa kwa uangalifu. Sherehe isibadili kanuni.

Maswali ya marudio

1. Toa maana ya hatua ya kabla ya mashindano.
2. Eleza sababu nne zinazoonesha kwamba mtoto hapaswi kufundishwa kama mtu mzima.
3. Taja familia sita za miondoko na utoe mfano mmoja kwa kila familia.
4. Mtoto A ana miaka 10 lakini hawezi kubaki katika umbo la mtumbwi kwa sekunde 15. Mtoto B ana miaka 8 na ameweza. Mwalimu anataka kumfundisha A kusimama kwa mikono kwa sababu ni mkubwa. Mshauri.
5. "Ukosefu wa vifaa vya kisasa unazuia jimnastiki vijijini." Jadili kwa hoja tano.

Mwongozo wa kujibu swali la 4

Anza kwa kutaja kanuni: kigezo ni uwezo wa mwili, si umri. Eleza kwamba umbo la mtumbwi hupima nguvu ya tumbo na kiuno, na ndiyo inayozuia mgongo kupinda mtoto anaposimama kwa mikono. Onesha hatari: A akikosa nguvu hiyo, kiuno kitalegea na ataanguka kwa nyuma, au uzito utaelemea vifundo vya mikono. Shauri A aendelee na hatua ya pili, akiimarisha tumbo na kuegemea mikono. Usimpandishe B papo hapo pia. Kagua kwanza kama amefaulu kipimo cha pili cha hatua hiyo, yaani kunyooka kama ubao kwa sekunde 20. Malizia kwa kueleza jinsi mwalimu atakavyozungumza na A bila kumvunja moyo. Wanafunzi wengi husahau hoja hiyo ya mwisho, na hapo hupoteza alama.